Maswali yenu: Kuosha na kulinda ndege ndogo

Safari hii tumekusanya maswali ya wamiliki wa ndege za injini moja, nyingi zikiwa Cessna 172, 182 na 206.

Cessna 182 yetu inalala nje hapa Malindi. Ioshwe kila baada ya muda gani? Kijana anayetuoshea hutumia sabuni ya unga ya kufulia. – Msomaji, Malindi

Kila baada ya siku 15, na sabuni ya unga iacheni leo. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, katika mwongozo wake wa kuzuia kutu (AC 43-4), imegawa maeneo kulingana na ukali wa hewa: siku 90 kwa mahali pakavu pasipo chumvi, 45 kwa mahali pa wastani, na 15 kwa mahali pakali. Ndege inayolala nje karibu na bahari imo kwenye kundi la mwisho.

Bati la ndege hizi ni alumini iliyochanganywa na shaba. Lina nguvu, lakini chumvi hulila upesi, na kinachoikinga sehemu kubwa yake ni tabaka jembamba la alumini safi pamoja na rangi. Chumvi huvuta unyevu usiku, kisha hujipenyeza kwenye vichwa vya ribiti (pini zinazoshikanisha mabati), maungio ya mabati na popote rangi ilipochubuka. Dalili yake ni unga mweupe, au vijistari vilivyoinuka chini ya rangi vikipinda huku na kule kama njia ya mchwa. Sabuni ya unga nayo ina alkali, na alkali hula alumini hiyohiyo unayotaka kuilinda. Tafuteni sabuni ya maji isiyo na asidi wala alkali, ile ya kuoshea ndege au shampuu nzuri ya gari, vijiko vikubwa viwili kwa ndoo ya lita 10. Ya vyombo huondoa nta yote, na nyingine huwa na chumvi ndani yake.

Chunguzeni pia maji. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi chumvi, na kuyatumia kusuuzia ni kuirudishia ndege kile mlichokiondoa. Maji ya mvua yaliyovunwa ni bora kuliko ya kisima cha namna hiyo.

Kabla ya tone la kwanza, hakikisheni swichi ya magneto, inayoipa injini cheche, imezimwa na ufunguo umetolewa, kisha zibeni bomba la pito na matundu ya statiki (humo hupita hewa inayopimwa kujua mwendo na kimo), matundu ya kupumulia ya tangi na nafasi za kuingizia hewa kwenye injini. Funikeni magurudumu na breki. Kila kizibo kiwe na utepe mwekundu mrefu, na viandikwe idadi yake kwenye karatasi. Usitumie selotepu ya rangi ya fedha wala isiyoonekana. Tarehe 2 Oktoba 1996 Boeing 757 ya Aeroperú iliruka kutoka Lima ikiwa matundu yake ya statiki bado yamefunikwa kwa selotepu iliyobandikwa wakati wa kuisafisha. Marubani walipata kimo na mwendo wa uongo usiku, juu ya bahari, na watu wote 70 walikufa.

Osheni asubuhi au kivulini, bati likiwa la baridi, kwani kwenye bati la moto sabuni hukauka na kuacha madoa. Mwagieni maji kwanza vumbi liteleze lenyewe. Pakeni sabuni kutoka chini kwenda juu, kipande kwa kipande, kisha suuzeni kutoka juu kwenda chini. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, maana kitambaa chenye mchanga ni msasa. Mashine ya presha ya kuoshea magari isikaribie ndege kabisa: husukuma maji kwenye bearingi za magurudumu, bawaba za usukani na kitovu cha propela, na huondoa grisi mahali ambapo hamtaiona imeondoka.

Mkimaliza, toeni vizibo mkivihesabu. Angalieni kama vitundu vya kutolea maji chini ya mabawa na mkia viko wazi, na mwambieni fundi atie grisi na oili kwenye bawaba. Chukueni sampuli ya mafuta chini ya kila tangi kuona kama maji yameingia. Ndege ikianza kutembea, kanyageni breki taratibu mara kadhaa zikauke.

Kwa hewa ya Malindi, ombeni pia fundi apulize dawa ya mafuta ya kuzuia kutu, ACF-50 au CorrosionX, ndani ya mabawa na mkia wakati wa ukaguzi wa mwaka. Kwa wiki kadhaa itachuruzika kwenye maungio na kunasa vumbi. Vumilieni tu, maana hiyo ni ishara kwamba imefika ndani ya viungo.

Kioo cha mbele kinaonyesha vijiufa vidogo jua likipiga. Huwa nakisafisha kwa dawa ya bluu ya madirisha. – Msomaji, Nairobi

Hicho si kioo, ni plastiki ya akriliki, na dawa nyingi za madirisha zina amonia au spiriti. Hizo huingia kwenye plastiki iliyo katika mkazo na kuipasua vijiufa. Petroli, thina na asetoni hufanya vivyo hivyo, haraka zaidi. Mikwaruzo ya juujuu husawazishwa kwa polishi ya akriliki, lakini vijiufa vimezama ndani na havifutiki. Mwonyeshe fundi wako kabla hujaruka tena kuelekea jua la jioni.

Kipya kitakapowekwa, vua pete na saa. Mwagia maji mengi, telezesha kiganja kitupu juu yake ili uhisi punje za mchanga, halafu sabuni ileile nyepesi na kitambaa laini cha pamba. Pangusa kwa mistari ya juu na chini. Mikwaruzo ya mviringo hutawanya mwanga wa jua machoni pa rubani. Doa la oili litoe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo mafuta ya taa safi, kisha osha kwa sabuni. Taulo la karatasi hukwaruza.

Tumbo la ndege halitakati, masizi yamegandamana nyuma ya ekzosi. – Msomaji, Arusha

Masizi hayo yana risasi kutoka kwenye petroli ya Avgas 100LL, kwa hiyo vaa glavu na miwani, na usiyakwangue yakiwa makavu. Paka kisafishaji cha grisi kinachoruhusiwa kwa alumini, acha dakika tano kisikauke, pangusa, suuza. Usitumie stilwaya ya kusugulia sufuria: chembe zake za chuma hubaki kwenye alumini na kuanzisha kutu hapohapo. Tumbo likishatakata lipake nta, na safari ijayo masizi yatatoka kwa maji na sabuni. Ukiwa chini hapo, tazama ribiti. Yenye unga mweusi unaofuata upepo nyuma yake imelegea.

Tunatua viwanja vya changarawe huko Mara. Nta au seramiki? Na je, naweza kupaka rangi mwenyewe palipochubuka kwenye mkia? – Msomaji, Narok

Kwangu nta ya kawaida ya gari inatosha, mara mbili kwa mwaka, na tabaka la ziada kwenye kingo za mbele za mabawa, mkia na kofia ya propela, ambako wadudu na mchanga hupiga. Seramiki, yaani tabaka gumu la kupakwa juu ya rangi, hudumu zaidi, lakini hufungia chini yake kila doa usilolitoa kwanza, na haizuii kutu ndani ya viungo. Wadudu waondolewe siku hiyohiyo: taulo lililoloa dakika kumi, kisha pangusa. Rangi iliyofifia ikihitaji polishi ya mashine, kwenye safu za ribiti fanya kwa mkono, kwa sababu hapo rangi ni nyembamba na mashine huimaliza. Rangi mpya usiipake nta mpaka muda aliosema mpakaji upite.

Propela ipanguse kwa kitambaa chenye oili kidogo. Ukiona pengo lililokatwa na kokoto, hasa karibu na ncha, ndege isiruke kabla fundi hajalisawazisha, kwa kuwa ufa huanzia hapo.

Mkia sasa. Sehemu isiyosogea unaweza kuigusa kwa brashi, ukishauriana na fundi. Sehemu zinazosogea, yaani usukani wa mkia, elevata (ya kuinua na kushusha pua) na aileroni (za kuinamisha mabawa), usiziguse. Uzito wa rangi nyuma ya bawaba huharibu mizani yake, na sehemu isiyo na mizani huweza kuanza kutetemeka kwa kasi hadi ikang'oka angani. Fundi akishapaka huipima mizani upya kwa vipimo vya kitabu cha matengenezo.

Je, turubai linasaidia? – Msomaji, Zanzibar

Likiwa la kitambaa kinachopumua, safi ndani, na limefungwa lisipepee, ndiyo. La plastiki hufungia unyevu wa chumvi, na lolote linalopigapiga juu ya vumbi litakwaruza akriliki ndani ya wiki moja.