Serikali Ikinunua Kiwanda Kinachozama, Uliza Pesa Zinaenda Wapi

Wiki iliyopita tulikabidhi basi la shule la viti 33, bodi yote imejengwa kwenye karakana yangu hapa Nakuru juu ya chesisi ya Isuzu NQR. Niliweka picha mtandaoni, na katikati ya pongezi ukaja ujumbe wa kijana wa Kondele, Kisumu, mwenye diploma ya ufundi mitambo: "Mzee, kwa nini serikali isinunue viwanda vya magari vinavyofilisika? Si huko ndiko kuna ajira ya uhakika?"

Kijana wangu, hilo nimeliishi. Kabla ya kujiajiri nilikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha umma kule magharibi mwa Kenya. Sitakitaja. Madeni yalipokilemea, serikali ikakiongezea fedha, nasi tukashangilia langoni. Fedha zile zililipa mishahara iliyochelewa na kuwatuliza waliokuwa wakitudai. Karakana haikupata hata shilingi. Mashine yetu ya kukereza vyuma ilikuwa na gia iliyokatika meno; tulijazia chuma kwa kuchomelea, kisha tukayachonga meno kwa tupa, taratibu, tukipima kila mara, hadi gia ikashikana tena na mwenzake. Najivunia gia ile mpaka leo. Lakini kiwanda hakiendeshwi kwa tupa. Fedha zikaisha, zikaombwa nyingine, nazo zikaenda kulekule, mwishowe lango likafungwa. Malipo yangu ya kuachishwa kazi sijayaona, na kuna wenzangu waliozikwa wakiyasubiri.

Tangu hapo nasoma kila ninachopata kuhusu serikali na viwanda vya magari. Kinachoniuma zaidi ni kisa cha British Leyland ya Uingereza, kwa sababu tulikijua kwa mikono yetu: mabasi ya Leyland, Land Rover za polisi na machifu, na kiwanda cha kuunganisha magari Thika ambacho serikali yetu pia ilikuwa na hisa. Kampuni hiyo iliundwa 1968 kwa kukusanya chini ya paa moja Austin, Morris, Rover, Triumph, Jaguar na wengineo waliokuwa wakishindana. Walipokwisha kuungana waliendelea kumgombea mnunuzi yuleyule. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza ikaichukua na kumwaga fedha humo. Kiwanda cha Speke, Liverpool, kilifungwa 1978, na Austin Metro, gari dogo lililosubiriwa kwa hamu, halikutoka hadi 1980. Mwaka 1988 serikali ikauza sehemu iliyobaki kwa British Aerospace, kampuni ya kutengeneza ndege. Mabaki yake kwenye kiwanda cha Longbridge, Birmingham, yalifilisika 2005, na maelfu wakapoteza kazi.

Sisemi serikali haiwezi. Ufaransa iliichukua Renault Januari 1945, na muda si mrefu ikatoa 4CV, gari dogo ambalo mtu wa kawaida alilimudu. Yaliuzwa zaidi ya milioni moja. Marekani nayo ilishika takriban asilimia 60 ya General Motors mwaka 2009. Madeni yalipunguzwa mahakamani, chapa zake za Pontiac, Saturn na Hummer zikafutwa, na Desemba 2013 serikali ikauza hisa zake za mwisho. Walipa kodi walipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 10, kampuni ikabaki hai. Waliopoteza kazi wana lao la kusema, na siwalaumu.

Hapa kwetu Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 kitengeneze gari la Kenya. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaoneshwa hadharani, likatembea. Ujuzi tulikuwa nao! Fedha za kulitengeneza kwa wingi hazikupatikana, na gari halikuingia sokoni.

Kwa hiyo uliza pesa zinaenda wapi. Zikienda kwenye gari jipya ambalo watu watalinunua, kuna kazi. Zikienda kufunika deni la mwaka jana, utaachishwa kazi mwakani. Vijana, msishangilie kiasi kinachotangazwa redioni! Ulizeni kinaenda wapi. Anayewaahidi ajira bila kuwaambia nani ataagiza magari hayo anawapotezea ujana.

Ukiitwa kwenye mahojiano na kiwanda cha namna hiyo, omba kuoneshwa karakana kabla ya ofisi. Tazama mashine zinazofanya kazi, na zile zilizong'olewa spea ili nyingine zitembee. Ongea na fundi aliyekaa miaka mingi, si na meneja peke yake. Uliza gari gani litatoka mwakani na nani ameshaliagiza. Uliza pia kama makato ya pensheni yanafikishwa yanakopaswa kila mwezi, na jibu la hilo ulitake kwa maandishi.