Unga ulipanda, mbona hisa zangu zikashuka?

SWALI: Shikamoo mzee wa pesa. Mimi mwalimu hapa Voi. 2021 niliambiwa pesa ya benki inaliwa na mfumuko wa bei ila hisa zinapanda pamoja na bei, nikaingia na akiba ya chama. 2022 unga wa kilo mbili ukapita shilingi 200 na hisa zangu zikaporomoka, halafu bei zilipotulia ndo zikaanza kuinuka. Nani alinidanganya?

JIBU: Marahaba mwalimu. Hukudanganywa, uliambiwa nusu. Vitu vikipanda kampuni nayo inapandisha bei zake, so ukikaa nazo miaka mingi ile hadithi ina ukweli wake. Shida ni kwamba soko halingoji unga ufike dukani, linauliza watu wanadhani mwakani bei zitakuaje na Benki Kuu itafanya nini na riba, maana bei zikikimbia yenyewe huipandisha kuzituliza. Kama wote walitegemea mfumuko wa asilimia 7 na ukaja 7 hakuna anayeshtuka, hiyo ishahesabiwa kwenye bei ya hisa, ila ukija 9 watu wanakimbia.

Na ndo ilivyokua. Mei 2022 Benki Kuu ya Kenya ikatoa riba yake asilimia 7 ikaweka 7.5, Oktoba mfumuko ukagonga asilimia 9.6, riba ikazidi kupanda mpaka 13 Februari 2024, na mwezi huohuo serikali ikauza bondi ya miundombinu ya asilimia 18 na ushee, tena haikatwi kodi! Sasa we ungekua na milioni ungebaki na hisa ukingoja gawio, yaani mgao wa faida ya kampuni, ama ungeikopesha serikali ukalale? Wageni nao waliona riba za kwao Marekani zinapanda wakauza wakaondoka na dola zao, shilingi ikalegea, vitu vya kuagiza vikazidi kupanda. Hisa ya Safaricom iliyokua kama shilingi 45 Agosti 2021 ilimaliza 2023 chini ya 15, na watu walikua wanatuma pesa kwa simu kama kawaida tu.

Agosti 2024 riba ikaanza kushushwa, Oktoba mfumuko ulikua 2.7, na pesa zikaanza kurudi kwenye hisa. Kwa hiyo unga uache kidogo, fuatilia kikao cha kamati ya sera ya fedha ya Benki Kuu, ndo inayopanga hiyo riba, kinakaa kila baada ya miezi miwili hivi.

Ila mwalimu, hiyo akiba ya chama, wenzako wanajua iko wapi?