Muulize Shangazi: Hana Neema, Hana Baraka, Hana Bahati... nimpe binti yangu jina gani la kati?

Shangazi shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga ila huu mwaka wa sita naishi Chiba, Japani, na mume wangu ambaye ni Mjapani. Nina mimba ya miezi saba, wa kike. Jina la kwanza tulishamalizana zamani, ataitwa Hana, ndo lilikuwa jina la bibi yake mume wangu na kwa Kijapani maana yake ua. Nikasema sawa, ila la kati niachieni mimi, nimpe la marehemu mama yangu, Rehema. Nikampigia dada kwa furaha zangu zote, nikamwambia Hana Rehema, akakaa kimya kidogo halafu nikasikia kicheko mpaka simu ikamdondoka, anasema yaani mtoto hajazaliwa ushamtangaza hana rehema! Tangu siku hiyo grupu la familia halilali, kila mtu anatuma lake, Hana Neema, Hana Baraka, Hana Amani, Hana Bahati, mjomba akafunga kazi na Hana Adabu. Nacheka nao ila inaniuma, jina la mama nalitaka. Na mume wangu naye anasema Japani hakuna kitu kinaitwa jina la kati. Nifanyeje?
– Mama Hana mtarajiwa, Chiba

Marahaba mwanangu, hongera, na pole sana kwa mama. Nikiri tu kwamba barua yako niliisoma kwenye daladala na nikacheka peke yangu mpaka kondakta akaniuliza kama niko sawa. Huyo mjomba wako ndo hana adabu.

Sasa tuongee. Hana siyo jina baya na Rehema siyo jina baya, shida ni sisi Waswahili tunavyopenda kuwaita mabinti zetu vitu tunavyoviombea: Neema, Zawadi, Subira, Faraja, Riziki, Tumaini, Pendo. Ukiliweka Hana mbele ya lolote kati ya hayo umeshatunga sentensi, tena ya kumnyang'anya mtoto kile kile ulichotaka kumpa. Na usidhani ukigeuza utapona, Rehema Hana ni mbaya zaidi, mtu anabaki amesimama anasubiri, Rehema hana nini?

Ila usije ukaliacha hilo jina kwa sababu ya utani wa grupu. Kanisani Hana yupo siku zote, ni mama yake nabii Samweli na hakuna anayecheka akisomwa. Kwa Waislamu kuna Hanaa la Kiarabu, maana yake raha na furaha, kwa hiyo ukifika Tanga bibi na mashangazi wana pa kulishikia. Halafu kama ni utani hata Wajapani wenyewe wanao, maana kwao hana ni ua lakini hana pia ni pua, zinatofautiana kwa mpando wa sauti tu na kwa herufi ya kuandikia. Muulize mumeo uone atakavyocheka.

Kwa hiyo unachotafuta ni jina ambalo haliwezi kusimama kama kitu. Mengi ya kwetu pwani yanafaa, Mwajuma, Mwanaidi, Asha, Halima, Fatuma, ukisema Hana Fatuma hakuna atakayeuliza kwa nini hana. Ila kumbuka huyo mtoto ataitwa na Wajapani kila siku, na wenzetu silabi zao karibu zote zinaishia na irabu kama zetu, hapo tuna bahati, ila L hawana wanaifanya R, na "hu" kwao inatoka kama "fu", na "si" wanaizoea kama "shi". Halima anakuwa Harima. Salma anakuwa Saruma. Zuhura anakuwa Zufura. Mwanahamisi sitaki hata kujaribu. Na Siti, jina zuri la heshima, linaweza kuishia Shiti, na ukimkuta mtu anayejua Kiingereza basi umemtoa mtoto kwenye hana rehema ukampeleka pabaya zaidi.

Nimelala nalo hilo swali siku mbili, na mie jibu langu ni RAHIMA.

Sikiliza kwa nini. Rahima na Rehema ni mzizi mmoja wa Kiarabu, rehema ni ile huruma yenyewe na Rahima ni mwanamke mwenye huruma. Kwa hiyo jina la mama yako limo ndani, umebadilisha irabu mbili tu. Mtu akisikia Hana Rahima anasikia majina mawili, hasikii sentensi, labda akitaka ugomvi kwa makusudi. Na Kijapani ra-hi-ma inaandikika bila kulivunja mbavu. Ukimwambia mjukuu kwamba bibi yake alikuwa Rehema na yeye ni Rahima, atauona undugu wake.

Kuna njia ya pili, hii ni ya ukorofi kidogo lakini mie naipenda. Wazee wetu walikuwa na majina ya kike kama Tabu na Shida, waliyapa watoto waliozaliwa kipindi kigumu. Majina hayo yamedharauliwa miaka yote, kumbe yalikuwa yanamsubiri Hana. Hana Tabu! Hana Shida! Ningekuwa na mjukuu wa kike ningempa bila kuuliza mtu. Ila wewe unamtaka mama yako kwenye hilo jina, kwa hiyo nimekutajia tu ucheke.

Kuhusu mumeo, hajakosea. Japani kila raia yumo kwenye daftari la familia, koseki, na humo kuna nafasi mbili tu, jina la ukoo ambalo linatangulia na jina la mtu. Ukilazimisha Rahima iingie, haikai katikati, inaungwa na Hana linakuwa jina moja refu bila nafasi, na kwenye pasi ya Kijapani mtoto atasomeka HANARAHIMA. Kuna watu wanafanya hivyo na wanaishi vizuri tu, ila fikiria mwalimu wa darasa la kwanza, na fikiria mtoto anajaza fomu, ua limeandikwa kwa kanji, zile herufi zao zenye asili ya Kichina, halafu limegandishiwa katakana, zile herufi za maneno ya kigeni, maana herufi zetu za kilatini humo haziingii kabisa.

Mie ningeacha daftari la Japani liwe na Hana peke yake. Hana ya kanji ya ua, 花, kama ya bibi mkwe, au kwa hiragana, herufi zao za sauti, はな, hilo wajadili wenyewe, ila wakitaka kanji za ajabu wakumbuke serikali ina orodha yake ya zinazoruhusiwa kwenye majina, na tangu Mei 2025 hata jinsi jina linavyosomwa inaandikwa kwenye koseki. Rahima ikae kwenye makaratasi ya Tanzania. Pasi ya Japani inaweza kuongezewa jina la pili kwenye mabano ukipeleka uthibitisho wa nchi nyingine kama cheti au pasi, kwa hiyo siyo kwamba litapotea. Sharti ni kwamba tahajia uliyochagua siku ya kwanza uishikilie hiyo hiyo kila mahali, Rahima siyo Raheema siyo Rahimah, maana mtoto mwenye majina mawili tofauti kwenye pasi mbili anamsumbua mama yake kila dirisha la uhamiaji.

Na huku nyumbani nako kuna mtego ambao naona umeusahau. Jina la kati kwenye fomu zetu nyingi siyo la kujichagulia, ni la baba! Tuseme baba anaitwa Kenji, wataandika Hana Kenji halafu ukoo, na Rahima yako ikakosa kiti. Kwa hiyo waulize ubalozi wetu pale Tokyo mapema wanaliandikaje, kama inabidi lisimame kando ya Hana kwenye jina la kwanza, iwe hivyo, bora liwepo. Usisubiri kujifungua ndo uanze kuuliza, kule kuandikisha kizazi ni ndani ya siku 14, na siku 14 za mzazi siyo siku 14 za mtu mwingine, nusu unalala nusu unalia.

Huyo dada yako mwambie namsalimia, na simu yake ipone.

*

Shangazi habari. Sisi ni wa Kiambu, mume wangu mpenzi wa katuni za Kijapani amekazana mtoto aitwe Sakura. Mimi sina neno ila jina la kati lazima liwe la mamake, Wanjiru, vile desturi inataka. Sakura Wanjiru si itakaa vibaya?
– Mama wa kwanza, Kiambu

Haikai vibaya hata kidogo, na sababu ni kwamba Wanjiru lina uzito wake halihitaji kufanana na jirani. Watu wanahangaika sana majina yafanane asili wakati Kenya nzima imejaa kina Catherine Wanjiru na dunia haijaanguka. Nikutahadharishe mawili. Sakura kule ni ua la mcheri lakini kwetu kusakura ni kutafuta kwa kupekua pekua, kwa hiyo binti akiwa mtundu wa kufungua makabati usishangae. La pili, alfabeti ya Kikuyu haina herufi S, kwa hiyo huenda cucu, yaani bibi, mwenyewe mwenye jina la kati akawa anamwita mjukuu Shakura. Mume wako azoee mapema, asije akaanza kumsahihisha mamake mbele ya wageni.