Waliasi, walipindua au walijikomboa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natayarisha kipindi cha redio kuhusu watumwa waliowafukuza Wafaransa Haiti. Niliandika hivi: "Mwaka 1791 watumwa wa Haiti waliasi dhidi ya serikali ya Ufaransa, na baadaye wakapewa uhuru." Mhariri wangu amefuta "waliasi", anasema ni neno la kikoloni, akaweka "walifanya mapinduzi". Mimi nikisikia mapinduzi naona wanajeshi na ikulu. Nani yuko sahihi? Na wale waliokimbilia milimani niwaite nani, waasi au wakimbizi?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako ana hoja, ila kalamu yake imefuta neno lisilo na kosa na kuyaruka mengine yanayoidhuru sentensi.

Nianze na jambo dogo. Kitenzi "kuasi" hubeba yambwa, yaani mtendwa, chenyewe, hakihitaji mkongojo wa "dhidi ya". Mtoto humwasi mzazi, mja humwasi Mola wake, askari huiasi serikali. "Kuasi dhidi ya" tumeletewa na wafasiri wa habari, na sasa imezoeleka kiasi kwamba sitamnyima mtu alama kwa sababu yake. Lakini redioni "waliwaasi mabwana zao" ni fupi, tena inamtaja aliyeasiwa.

Na huko kumtaja ndiko kunakojibu hofu ya mhariri. Neno hili limetoka katika Kiarabu na lilitufikia likiwa na uzito wa dini. Maasi ni dhambi, na mwasi ni mtu aliyekosa utii anaopaswa kuutoa. Si ajabu basi kwamba yale ambayo Wajerumani waliyaona kuwa maasi tu, vitabu vyetu vinayaita Vita vya Majimaji. Hata hivyo lawama haimo ndani ya kitenzi peke yake. Ukiandika "watumwa waliasi" ukanyamaza, msikilizaji anaweza kudhani utii ulikuwa wajibu wao. Ukiandika kwamba usiku wa tarehe 22 Agosti 1791, katika uwanda wa kaskazini, watumwa waliwaasi mabwana waliokuwa wakiwachapa ili wazalishe sukari, wakachoma mashamba ya miwa na kuvunja vinu na mitambo ya kuchemshia maji ya miwa, hakuna atakayeuliza nani alikuwa mkosaji. Kwa usiku ule na miezi iliyofuata, wakati Dutty Boukman akiwa miongoni mwa viongozi, "waliasi" ndilo neno lake. Serikali ilikuwa bado imesimama mjini Cap-Français na gavana yupo. Kilikuwa hakijapinduliwa kitu.

"Mapinduzi" nalo lina pahala pake, na hapo nampa haki mhariri. Habari za majenerali wanaotangaza kupitia televisheni ya taifa kwamba wamechukua nchi zimelifinya neno hili mpaka wewe unaona ikulu tu. Hiyo ni aina moja, ndiyo maana tunaongeza "ya kijeshi". Ukisema Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, hakuna anayefikiria kiti cha mtawala peke yake. Anafikiria ardhi, vyeo, nani anamwamkia nani. Haiti ilikuwa hivyo, na zaidi. Watu wapatao nusu milioni waliokuwa wakihesabiwa mali waliunda jeshi, wakalishinda jeshi la Ufaransa huko Vertières tarehe 18 Novemba 1803, na tarehe 1 Januari 1804, mjini Gonaïves, kamanda wao Jean-Jacques Dessalines akatangaza uhuru. Miaka yote hiyo, kuanzia 1791 hadi 1804, iite Mapinduzi ya Haiti. Bali usiseme "mwaka 1791 walifanya mapinduzi", kana kwamba yalianza na kwisha kabla ya Krismasi.

Kuna jingine mhariri hakuliona. Mwaka 1791 hapakuwa na "watumwa wa Haiti". Koloni liliitwa Saint-Domingue. Haiti ni jina la Wataino, wenyeji wa kisiwa kabla ya Columbus, na walioshinda vita ndio waliolirudisha mwaka 1804. Andika "watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti". Ni maneno mengi, najua, lakini utayasema mara moja tu.

Sasa kosa lenyewe: "wakapewa uhuru". Kupewa kunadai mtoaji, na msikilizaji wako atamtafuta Paris. Ni kweli kwamba kamishna wa Ufaransa, Sonthonax, alitangaza mwisho wa utumwa katika jimbo la kaskazini tarehe 29 Agosti 1793, na bunge la mapinduzi la Ufaransa likaufuta katika makoloni yote tarehe 4 Februari 1794. Lakini Sonthonax alitangaza hivyo mashamba yakiwa majivu, Ufaransa ikiwa vitani na Hispania na Uingereza, naye akihitaji askari kuliko kitu kingine chochote. Alichokitangaza, watu walikuwa wamekwisha kukitwaa. Na angalia kilichofuata: mwishoni mwa mwaka 1801 Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alimtuma shemeji yake, Jenerali Leclerc, na jeshi kubwa kulirudisha koloni mkononi. Toussaint Louverture, kiongozi mkuu wa waliokuwa watumwa, aliitwa kwenye mazungumzo, akakamatwa kwa hila, akasafirishwa hadi ngome ya Fort de Joux katika milima baridi ya Ufaransa, akafia humo tarehe 7 Aprili 1803. Kwa hiyo futa "wakapewa", andika "walijikomboa". Kiambishi "ji" kinaonyesha mtenda na mtendwa ni yule yule.

Lakini "kukomboa" kuna maana ya zamani inayonuka fedha: shamba lililowekwa rehani hukombolewa kwa malipo, na mateka kwa fidia. Haiti iliyaona hayo pia. Mwaka 1825 Mfalme Charles X wa Ufaransa alituma manowari na kudai faranga milioni 150 ili kuwafidia waliokuwa mabwana, na sehemu ya mali wanayofidiwa ilikuwa hao hao watu. Deni lilipunguzwa hadi milioni 90 mwaka 1838, na ili kulipa, Haiti ililazimika kukopa katika benki za Ufaransa. Ukifika hapo katika kipindi chako, usiseme "Haiti ilinunua uhuru wake". Uhuru ilikuwa nao tayari kwa miaka 21. Sema ilitozwa.

Hukuuliza kuhusu neno "watumwa", lakini wapo watakaokushauri useme "watu waliofanywa watumwa". Usijichoshe. Mtumwa ni yule anayetumwa. Yupo anayemtuma, na kiambishi cha kutendwa kimo ndani tayari. Kwa waliokamatwa Afrika na kuvushwa bahari, ambao ndio waliokuwa wengi Saint-Domingue wakati huo, sema "waliotiwa utumwani". Wengi walitoka Kongo na Afrika Magharibi, ingawa baadhi walitolewa hata pwani ya Msumbiji. Huku kwetu, Mfaransa Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Bahari ya Hindi.

Waliokimbilia milimani si wakimbizi. Hilo liwachie watu wanaovuka mipaka kwa sababu ya vita. Neno lao tunalo tangu zamani: watoro. Ndivyo walivyoitwa waliotoroka mashamba ya pwani yetu na kujenga vijiji vyao, kama wale wa Gosha kandokando ya Mto Juba, Somalia. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1685, Code Noir, iliagiza kwamba mtoro wa mwezi mmoja akatwe masikio na kupigwa chapa ya moto begani, akirudia akatwe mshipa wa nyuma ya goti, na mara ya tatu auawe. François Makandal, aliyechomwa moto hadharani Cap-Français mwaka 1758, alikuwa mtoro. Kwa kuwa leo mtoro ni mwanafunzi aliyekwepa darasa, neno hilo lifafanue mara ya kwanza: "watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba na kuishi milimani". Kisha litumie bila wasiwasi. Walioshika silaha kuanzia Agosti 1791 waite waasi, hata kama siku moja kabla walikuwa watoro.