Kwa mdogo wangu anayeanza kushika vitabu msimu huu wa korosho

Mdogo wangu, najua chuoni mlishaimba sana kwamba mali ni sawa na madeni jumlisha mtaji, yaani kile kinachobaki kuwa cha mwenye duka. Sasa umepata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi huku Tandahimba, na Oktoba inabisha hodi. Acha nikwambie yaliyonikuta mimi, maana kosa langu la kwanza halikuwa la hesabu. Hesabu ilikaa sawa kabisa, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Duka nililoanzia, Mtwara mjini, lilichukua mkopo wa shilingi 15,000,000 kujaza saruji na bati kabla ya msimu. Pesa zikaingia benki, mimi nikaziandika kwenye mapato. Fedha zimepanda milioni 15, mtaji umepanda milioni 15 maana mapato huongeza mtaji, na mizania, ile karatasi ya kulinganisha mali na madeni na mtaji, imelingana. Tajiri, mwenye duka, alipoona faida ya mwezi ule alicheka, akaenda kulipia kiwanja Mikindani. Mwezi uliofuata likaja rejesho la kwanza, 1,450,000, ndipo akaniita ofisini. Sitaki kukumbuka maneno yake.

Mkopo ulitakiwa upandishe fedha upande mmoja na deni upande wa pili, mtaji usiguswe hata senti. Na lile rejesho nalo lina mikono miwili: 1,250,000 inapunguza deni, 200,000 ni riba, na ni hiyo riba tu inayokula mtaji. Ukiliandika lote kuwa matumizi, utamlilia tajiri hasara ambayo haipo.

Basi kila karatasi ikitua mezani, usikimbilie kujiuliza debiti wapi na krediti wapi. Jiulize kwanza: leo duka limetajirika, limefukarika, au mali imebadilisha tu chumba? Kulipia saruji taslimu ni kubadilisha chumba, fedha inatoka, bidhaa inaingia. Kununua guta la kubebea mizigo ni vilevile, ila lenyewe linachakaa, kwa hiyo thamani yake utaipunguza kidogo kidogo kwa miaka litakayofanya kazi, siyo kuimeza yote mwezi wa kwanza.

Sasa njoo kwenye mambo ya huku kwetu. Mkulima anakuja Septemba anataka bati 20, anasema, "Kaka, korosho ikilipwa nakuletea." Bati moja mnauza 30,000, nyie mlinunua 25,000. Siku ile ile bidhaa zinashuka 500,000, wadaiwa wanapanda 600,000, na ile 100,000 iliyozidi ni faida, inakwenda kwenye mtaji. Bado hujashika hata shilingi. Novemba mnada umepita, pesa zimesoma kwenye akaunti yake, anakuja kulipa. Hapo vijana wengi wanaandika mauzo kwa mara ya pili! Yale yalishauzwa Septemba. Sasa fedha inapanda 600,000, wadaiwa wanashuka 600,000, basi.

Mara nyingine utamkuta mtu aliyeleta pesa mapema, ananunua saruji atakayoichukua baada ya wiki tatu. Hayo bado si mauzo. Mpaka mifuko ipakiwe, wewe ndiye unayedaiwa. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, nayo ni ndugu yake: duka lililosajiliwa likiuza kwa 1,180,000 pamoja na kodi ya asilimia 18, ile 180,000 ni deni kwa TRA, mamlaka ya mapato, hata kama imelala kwenye droo yenu.

Ukihamia chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima, utakutana na mtihani mkubwa zaidi. Tangu stakabadhi ghalani, mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi, ianze Mtwara msimu wa 2007/08, korosho inapitia chama kwenda ghala kuu, kisha mnadani. Ukiona tani zimejaa usizipange kwenye mali za chama. Ni za wakulima. Malipo ya mnunuzi yakipita kwenye akaunti ya chama, ni deni kwa wakulima mpaka walipwe, cha chama ni ushuru wake tu.

Tajiri akichota pesa za ada ya mtoto, usizifiche kwenye matumizi ya duka. Kama duka ni lake binafsi, zinapunguza mtaji. Kama ni kampuni, anadaiwa na kampuni, au basi litangazwe gawio rasmi, yaani mgao wa faida. Mwambie kwa heshima, tena mkiwa wawili.

Halafu inafika Machi. Kuna jina kwenye daftari la wadaiwa halijasogea tangu Septemba, na kila ukipita kwao unaziona bati zenu zinang'aa juu ya paa, mwenyewe simu hapokei. Deni lile linaendelea kuhesabika kuwa mali, na mizania inalingana kama kawaida. Likionekana halilipiki, lipunguze kwa wadaiwa na mtaji upungue nalo. Tajiri hatapenda. Kaa naye, mpitie jina kwa jina, umwonyeshe na tarehe, kabla hujafuta.