Ijue kazi yako kabla hujavaa sare

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kuhudumia wagonjwa hapa Mombasa, fahamu kwanza kazi yako inakomea wapi. Mtaani kila aliyevaa sare ni daktari au sista. Ukiliitikia jina hilo kimyakimya, kesho utaombwa kudunga sindano.

Muuguzi ana leseni ya Baraza la Wauguzi, na sindano ni zake. Afisa wa kliniki hupima, hutambua ugonjwa na kuandika dawa. Wengi wao wamepitia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Mhamasishaji wa afya ya jamii yeye huzunguka nyumba kwa nyumba. Tangu 2023 serikali imempa mkoba wenye mashine ya presha na kipimo cha sukari, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Posho hiyo hailipi kodi ya nyumba na karo, nakwambia mapema.

Mimi ni mlezi wa wagonjwa majumbani. Watu huiita kazi ya yaya, na neno hilo huniuma, kwa sababu anayemwosha mgonjwa ndiye anayeuona mwili wake wote kila siku.

Aliyepigwa na kiharusi asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Joto letu la Pwani na jasho hulainisha ngozi. Shuka ikijikunja chini ya mgongo, kidonda kimeshaanza. Kagua visigino, nyonga na chini ya kiuno kila unapomwogesha. Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje kuona wekundu. Tafuta palipobadilika rangi, palipo na joto au pagumu kuliko penginepo, kisha mwite muuguzi siku hiyohiyo. Usimburure kitandani. Tandika leso, yaani kanga, iliyokunjwa chini yake, mshike wawili, mmwinue.

Mwaka wangu wa kwanza nilimlisha uji bibi mmoja akiwa amelala chali. Alikuwa ametoka hospitali juzi yake. Akapaliwa, macho yakamtoka, nami nikabaki na kijiko mkononi. Mwanawe ndiye aliyemwinua. Muuguzi alipokuja alinieleza kwamba kiharusi hudhoofisha koo: kwanza mgonjwa apimwe kama anameza sawasawa, halafu akalishwe wima, apewe kidogo kidogo, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya kula. Sikuwa nimeuliza. Niliona haya kuonekana sijui. Wewe uliza, hata kama wakubwa watakukunjia uso.

Weka daftari kando ya kitanda: amekula nini, amekojoa mara ngapi, amegeuzwa saa ngapi na kwa upande gani. Mwenzako wa zamu akikwama kwenye feri ya Likoni, usimwachie maagizo dada wa kazi ukaenda zako. Msubiri afike, mfunue shuka pamoja, muitazame ile ngozi nyote wawili.