Chemba ya biashara ya nchi mbili: maswali ya wasomaji

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu chemba zinazoundwa na wafanyabiashara wa nchi mbili ili kukuza biashara baina yao. Nimeyajibu maswali yao hapa chini, na nimekaa zaidi kwenye yale ambayo mtu asipoyajua anaweza kupoteza mali.

Chemba ya namna hii inatofautianaje na idara ya biashara ya ubalozi?

Idara ya ubalozi ni mkono wa serikali, na mwambata wa biashara hufanya kazi kwa maelekezo ya wizara yake. Chemba ni chama cha wafanyabiashara wenyewe, chenye bodi inayochaguliwa na wanachama. Wala isichanganywe na chemba za ndani ya nchi, kwani Ujerumani sheria huyafanya makampuni kuwa wanachama wa chemba za maeneo yao, na Ufaransa chemba hizo ni taasisi za umma, ilhali uanachama wa chemba ya nchi mbili kwa kawaida ni wa hiari. Kwa hiyo uhai wake hutegemea wanachama: wasipojitokeza, haitaweza kumsaidia mtu hata kama ilizinduliwa mbele ya mawaziri.

Nimepata mnunuzi wa ng'ambo kwa barua pepe, anataka mzigo mkubwa. Je, chemba inaweza kunihakikishia kuwa ni wa kweli?

Kukuhakikishia, hapana, kukusaidia kumchunguza, ndiyo, na hakuna kazi nyingine ya chemba ambayo ningependa wasomaji waitumie zaidi ya hii. Chemba iliyo hai ina watu wanaojua daftari la usajili wa makampuni la nchi ya pili linatunzwa wapi na linasomwaje, na mara nyingi ina mwanachama ambaye amewahi kuuziana na kampuni hiyo au na jirani yake katika soko lilelile. Ukiuliza tu kama kampuni ni nzuri, utapata jibu la adabu lisilokusaidia. Uliza ilisajiliwa lini, wakurugenzi wake ni akina nani, anwani iliyotajwa ni ya ofisi au ghala kweli, na kama jina la mwenye akaunti ya benki linalingana na jina lililo kwenye mkataba. Uliza mapema, kabla ya kutuma sampuli na hasa kabla ya kulipa chochote, kwa maana mnunuzi anayemtaka muuzaji atangulize ada ya usajili au ya wakili ndipo amtie kwenye zabuni ni wa kuogopwa.

Hata majibu yakiwa mazuri, hayo ni taarifa, si dhamana, na chemba haitakufidia mnunuzi asipolipa. Malipo yalindwe kwa ahadi ya benki ya kumlipa muuzaji akileta nyaraka zilizokubaliwa, ile ambayo wafanyabiashara huiita LC, ambayo kwa kawaida huendeshwa kwa kanuni za UCP 600 za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, zilizoanza kutumika mwaka 2007. Kwa kanuni hizo benki hukagua nyaraka, haikagui mzigo. Hivyo jina lililokosewa kwenye ankara linaweza kukuzuilia malipo ya bidhaa ambazo hazina kasoro yoyote.

Je, cheti cha uasili wa bidhaa kinachotolewa na chemba kitanipunguzia ushuru?

Si lazima. Chemba zimekuwa zikitoa vyeti hivi kwa muda mrefu, na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1923 kuhusu kurahisisha taratibu za forodha ulizitambua miongoni mwa taasisi zinazoweza kuidhinishwa kufanya kazi hiyo. Lakini cheti cha kawaida hueleza tu bidhaa ilikotoka. Nafuu ya ushuru hutokana na makubaliano ya kibiashara, na makubaliano yenyewe hutaja ni nani anayetoa uthibitisho na kwa fomu gani. Muulize wakala wako wa forodha kabla mzigo haujaondoka.

Mwenzangu wa nchi ya pili amegoma kulipa. Chemba inaweza kumlazimisha?

Haina mamlaka hayo. Inaweza kuwakutanisha, na wapo wanaolipa ili wasiharibu jina mbele ya wenzao. Zaidi ya hapo, kinachokulinda ni mkataba wako. Kama una kipengele cha usuluhishi, yaani cha kupeleka mgogoro kwa msuluhishi badala ya mahakama, tuzo (uamuzi) ya msuluhishi huyo inaweza kutekelezwa na mahakama za nchi ya mdaiwa iwapo nchi hiyo imejiunga na Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao una wanachama zaidi ya 170. Andikeni pia masharti ya usafirishaji kikamilifu: neno FOB (muuzaji hupakia mzigo melini kwenye bandari iliyotajwa) peke yake halitoshi, taja bandari na toleo la kanuni za kimataifa za masharti hayo, kwa mfano Incoterms 2020, ili ijulikane hatari ya mzigo inahamia kwa mnunuzi wapi.

Biashara yangu ni ndogo. Nilipe ada ya uanachama?

Kabla ya kulipa, omba orodha ya wanachama na ratiba ya misafara ya kibiashara, kisha zungumza na wanachama wawili wenye biashara ya ukubwa wa yako. Waulize ni mnunuzi gani au taarifa gani waliyoipata kupitia chemba. Wakikutajia mialiko ya hafla tu, subiri.